Konde Boy na bei ya kutoka kwenye lebo

Harmonize, ambaye jina lake halisi ni Rajab Abdul Kahali, alizaliwa 1994 Tandahimba, wilaya iliyomegwa kutoka Newala. Alipanda haraka. Mwaka 2015 akawa msanii wa kwanza kusainiwa na WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, akatoa "Aiyola". Mwaka 2016 ikaja "Bado", aliyoimba na Diamond mwenyewe, na 2018 "Kwangwaru" ikavuka mipaka.

Mwaka 2019 akaondoka na kuanzisha Konde Music Worldwide. Jina hilo si dogo. Dar es Salaam, Mmakonde alizoea kutaniwa: mlinzi wa geti, mchuuzi wa barabarani. (Hata neno machinga, wengi husema limetokana na Wamachinga wa Lindi.) Sasa kabila likawa kwenye bango la tamasha, na watu wasioijua Newala wakawa wanalitamka kwa kushangilia.

Lakini kutoka kulikuwa na bei. Harmonize mwenyewe alieleza kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500, akalazimika kuuza nyumba zake.

Kwa nini pesa nyingi hivyo? Lebo hulipia studio, video, mavazi na matangazo wakati msanii hana kitu. Kwa kawaida mkataba huipa lebo umiliki wa rekodi na sehemu ya mapato kwa miaka kadhaa. Anayetaka kutoka mapema hulipia miaka iliyobaki, na akitaka nyimbo zake, huzinunua pia. Mkulima wa korosho atakumbuka kangomba: pesa unaipata mapema ukiwa na shida, mzigo unaondoka kwa bei ya mnunuzi. Mfano huu haulingani kabisa, maana wasanii wengi hawavumi na hasara hubaki kwa lebo. Ila shida inayomsainisha mtu ni ileile.

Mei 2025 kibao kikageuka. Ibraah, kijana mwingine wa Mtwara aliyesainiwa na Konde Gang mwaka 2020, alisema hadharani kwamba anatakiwa kulipa shilingi bilioni 1 ili aondoke. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaingilia kati.

Kijana uliyewekewa karatasi mezani, anza kusoma kipengele cha kuvunja mkataba, hata kama kimewekwa ukurasa wa mwisho. Kisha uliza rekodi zitakuwa za nani muda ukiisha. Nyimbo ulizokwisha kutunga zisajili COSOTA kabla hujasaini.