Je, Wajua? Panya Aliyejisafisha Hadi Vidonda
Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walizima jeni moja tu ya panya, Sapap3. Panya wakajisafisha uso bila kukoma, manyoya yakatoka, vidonda vikafunguka. Waliorudishiwa jeni hiyo utotoni, tena kwenye striata pekee, ndani kabisa ya ubongo, walinusurika kwa kiasi kikubwa. Basi kasoro ilikuwa kwenye mtandao wa neva, si kwenye ngozi. Fluoksetini, dawa ya binadamu wanaonawa mikono bila kuridhika, nayo iliwatuliza. Utasema panya si mtu, wala hawezi kueleza wasiwasi wake. Kweli kabisa. Ila mtandao hauhitaji maelezo: mwaka 2013, katika chuo kikuu cha MIT, mwanga uliomulikwa kwenye seli za mbele ya ubongo ulipunguza kujisafisha huko.