Homa ya Uwanda wa Makonde na Mlango wa Seli

Mwaka 1952 homa isiyojulikana ilizuka katika Uwanda wa Juu wa Makonde, katika wilaya za Newala na Masasi. Wagonjwa walioletwa katika hospitali ya Lulindi walikuwa wameshikwa ghafula na homa kali, vipele na, zaidi ya yote, maumivu ya viungo yaliyowazuia kunyoosha mwili. Jina la ugonjwa huo lilitokana na neno la Kimakonde kungunyala, maana yake kukunjamana. Ndivyo neno chikungunya lilivyoingia katika vitabu vya tiba duniani kote.

Dalili hizo zilielezwa na Daktari Marion Robinson wa Lulindi katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1955. W. H. R. Lumsden, aliyechunguza jinsi ugonjwa ulivyoenea, aliona kwamba maji ni haba uwandani, kwa hiyo watu huyaweka akiba nyumbani. Na humo ndimo alimozaliana mbu aitwaye Aedes aegypti. R. W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alikipata kirusi chenyewe katika damu ya mgonjwa, akakitangaza mwaka 1956.

Swali moja lilibaki: kwa nini viungo? Jibu lilitafutwa ndani ya seli, yaani chembe hai zinazoujenga mwili. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Hapana budi kiingie ndani ya seli na kutumia vyombo vyake. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walizima jeni za seli za panya, moja baada ya moja, ili waone ni seli zipi zitakazosalimika. Waligundua kwamba protini iitwayo Mxra8, iliyo juu ya utando wa seli, ni mlango mmojawapo wa kirusi. Protini hiyo hupatikana katika seli zinazojenga gegedu, mifupa, misuli na tishu zinazoviunganisha. Panya waliozuiliwa mlango huo walivimba viungo kwa kiasi kidogo zaidi. Basi neno la Wamakonde lilikuwa limetaja mapema mahali ambapo kirusi hushambulia.

Misuli nayo ina siri yake. Kandokando ya nyuzi za msuli hukaa seli za akiba. Msuli ukijeruhiwa, seli hizo hupokea ishara za kikemia, hugawanyika, kisha hujenga nyuzi mpya. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walikikuta kirusi cha chikungunya ndani ya seli hizohizo za mafundi, katika vipande vya misuli ya wagonjwa.

Hata hivyo seli haishambuliwi ikanyamaza. Ikitambua adui, hutoa protini iitwayo intaferoni, ambayo huzifikia seli jirani na kushikana na vipokezi vyao. Hapo ishara hupokezanwa ndani ya seli, protini moja hadi nyingine, mpaka kwenye kiini, na jeni za ulinzi huamshwa. Lakini kirusi nacho kina hila: protini yake moja, nsP2, huvuruga kazi ya jeni za seli na kuikata njia ya ishara hiyo. Ugonjwa, basi, ni mashindano ya wakati kati ya mbiu ya seli na wizi wa kirusi.

Wagonjwa wengi hupona, ila wengine huumwa viungo kwa miezi au hata miaka, na dawa maalumu ya kukiua kirusi hiki haijapatikana. Mwaka 2004 ugonjwa ulizuka Lamu, Kenya, baada ya ukame, na mwaka 2005 na 2006 uliwapata takriban theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion.

Wakati maabara zikitafuta namna ya kuufunga mlango wa seli, mlango wa mtungi waweza kufungwa leo. Aedes aegypti huuma mchana, na hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Chombo kisuguliwe ndani kila juma, kisha kifunikwe vema. Wanafunzi waichunguze mitungi na mapipa ya shule yao: viluwiluwi wakionekana, somo la biolojia limekwisha kuanza.