Usimwage Maji ya Moto: Huenda Ni Nyuki

Huenda asubuhi moja umeona uani pako vitundu vidogo vya mviringo, kila kimoja kimezungukwa na udongo uliofukuliwa. Wadudu waingia na kutoka. Mara wasema, "Nyigu hawa! Watauma watoto!" na birika la maji ya moto li tayari. Ngoja kwanza. Chuchumaa kando kidogo, utazame kwa muda wa robo saa.

Watu wengi hudhani ya kuwa nyuki wote hukaa mzingani na kufanya asali. Sivyo. Duniani zipo aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi kati ya hizo huchimba ardhini. Kwa kawaida kila jike ana kitundu chake mwenyewe. Hukusanya unga wa maua, akafanya donge, akataga yai juu yake, kisha akaziba chumba na kwenda zake.

Utawatambuaje? Kwanza, tazama mwili. Nyuki ana manyoya. Nyigu ni mlaini, ang'aa, na kiuno chake chembamba. Pili, tazama mzigo. Nyuki hurudi na unga wa maua miguuni. Nyigu hurudi na buibui au kiwavi.

Nyuki huyo wa ardhini aweza kuuma akibanwa mkononi, lakini hapiganii kitundu chake kama nyuki wa mzinga. Bali ukiona nyuki wengi sana wakipita katika tundu moja tu, jihadhari! Huenda ni nyuki wa asali waliohamia shimoni au katika kichuguu. Waondoe watoto, ukamwite mrina asali.

Je, wana faida gani? Ua la nyanya au la biringani hufungia unga wake ndani. Nyuki wengi wa mwituni hulishika ua na kulitikisa kwa mvumo mpaka unga umwagike. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Habari za wataalamu waliochunguza biringani huko Nguruman, Kenya, zilitolewa mwaka 2008: waliosaidia mimea kuzaa walikuwa nyuki wa mwituni, na aina moja yao ni ya wachimbaji ardhi.

Basi, uwaachie kipande cha ardhi pasipo jembe wala dawa. Na maji yale ya birika, yatie majani ya chai.