Police walibeba kombe, jirani yangu alibaki na deni la kodi

Jirani yangu wa mlango wa pili ni beki wa kati. Si wa timu ya mtaa. Anacheza Ligi Kuu ya Kenya, ile ya juu kabisa. Asubuhi moja ya Mei 2025 keateka alinigongea akiuliza kama nimemwona, maana alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili. Jamaa alikuwa ndani, amezima simu, amenyamaza kama panya. Saa tisa mchana alikuwa na mechi.

Wasee, najua mnaweza kunitajia kikosi cha Arsenal hadi kipa wa tatu. Lakini nikiwauliza bingwa wa Kenya ni nani, nusu yenu mtatoa simu mfukoni. Sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilianza kufuata ligi yetu kwa makini msimu wa 2024/25, na nilianza kwa sababu ya huyu jirani, ambaye tumekuwa tukigawana jiko la gesi tangu nihamie ploti hii.

Bingwa wa msimu huo alikuwa Kenya Police FC, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Timu hii ilipanda ligi kuu mwaka 2021 tu. Tangu Ulinzi Stars ya wanajeshi ibebe kombe 2010, hakuna timu nyingine iliyolishika isipokuwa Gor Mahia na Tusker. Walikuwa wanapokezana kama kijiti cha mbio. Gor ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi, imelichukua mara mbili mfululizo, mataji 21 kabatini. Halafu Police wakapita katikati yao.

Na hawakuanza vizuri, msidanganywe. Walikuwa wanasuasua huko chini kwenye jedwali hadi alipokuja Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyewahi kufundisha Taifa Stars ya Tanzania. Wenye kumbukumbu wanamjua. Ndiye alikuwa kwenye benchi la Tanzania mwaka 2019 walipotutoa kwa penalti pale pale Kasarani, tukakosa kufuzu CHAN. Halafu akaja kutufundishia bingwa. Kandanda haina aibu.

Tuseme ukweli, kuna watu wa rika langu walioshindwa kupiga makofi. Police walitawazwa Juni 2025, mwezi ambao vijana walikuwa barabarani wakikumbuka wenzao waliouawa kwenye maandamano ya Juni 2024. Kwenye grupu letu la WhatsApp mmoja aliandika hongera, wengine wakamjibu kwa emoji ya mshumaa. Wachezaji wale hawakumpiga mtu risasi, najua. Lakini jina ni jina, na jezi ile mimi nisingeivaa kuingia tauni mwezi ule.

Nilipomwambia jirani haya alinicheka. Akaniambia, “Wewe unaona polisi, mimi naona tarehe mosi.”

Alimaanisha mshahara. Ukitazama ligi yetu utaona timu zenye mwajiri mkubwa nyuma yake: Tusker ina bia, KCB ina benki, Bandari ina bandari, Ulinzi ina jeshi, Police ina serikali. Halafu kuna zile za jamii na za watu binafsi. Zina mashabiki, zina nyimbo, zina historia, lakini mwisho wa mwezi mwenyekiti hapokei simu. Timu ya jirani iko kundi la pili. Sitaitaja, maana bado anawadai.

Mechi 34 ni nyingi ukiwa unajilipia nauli ya mazoezi. Msimu wote nilimwona akitoka saa kumi na moja alfajiri, kiatu kwenye mfuko wa karatasi, kisha mchana yuko pale kwa kuosha magari karibu na stegi. Wateja wengine walikuwa wanamjua. Kuna mmoja alimwambia, “Beki, Jumapili mlifungwa kwa uzembe wako,” huku akimpa mia mbili ya kuosha Probox. Alizipokea.

Nilienda kumtazama Dandora. Nyayo na Kasarani zilikuwa zimefungwa sehemu kubwa ya msimu zikikarabatiwa kwa ajili ya CHAN, kwa hivyo timu za Nairobi zilihangaika Dandora, Machakos na kokote zilikopata nyasi. Tulikuwa watu wachache hivi kwamba ulimsikia kocha akitukana. Lakini niamini, mechi ilikuwa tamu. Jirani aliruka kichwa dakika za mwisho akaokoa mpira kwenye mstari, na mama mmoja anayeuza njugu akaacha ndoo yake akakimbia hadi kwenye uzio kumshangilia. Hiyo huipati kwa skrini ya kibanda.

Halafu Agosti ikaja. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, yaani hao hao ambao hatukwenda kuwaona. Ghafla Kasarani ikajaa. Austin Odhiambo wa Gor alifunga tukawapiga DR Congo. Ryan Ogam, aliyekuwa Tusker msimu huo na baadaye akajiunga na Wolfsberger ya Austria, akafunga tukawapiga Morocco tukiwa watu kumi. Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Tulitolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, na nililia, sioni haya.

Siku ya Morocco tulitazama kwangu. Jirani alikuwa anawataja mmoja mmoja: huyu nilimkaba raundi ya kwanza, huyu alinipita, huyu tulikuwa naye shule. Bao lilipoingia aliruka hadi akamwaga chai. Baadaye akatulia sana, akaniuliza milioni moja ni kodi ya miaka mingapi. Tulipiga hesabu. Kwa elfu sita kwa mwezi, ni karibu miaka kumi na nne.

Sasa msimu mpya umewadia. Klabu yake imempa mkataba wa mwaka mmoja, mshahara ule ule wa kwenye karatasi. Upande wa pili kuna ajenti ana kazi ya soja Doha, miaka miwili. Ana miaka 24. Mathe wake anasema aende. Kocha anasema ukiondoka miaka miwili hakuna atakayekukumbuka, na kwa hilo hakosei.

Aliniomba ushauri. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina mdomo wa kumwambia mtu amalize alichoanza. Nilimuuliza tu wanamdai ngapi, naye wanamdai wangapi. Alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Mazoezi yanaanza Jumatatu, ajenti anataka pasipoti Jumatano. Jana usiku nilimsikia uani akipiga mpira ukutani, taratibu, ili keateka asiamke.