Paa tambarare likivuja: doa si mahali maji yalipoingilia

Mvua kubwa zilizonyesha Aprili mwaka 2024 nchini Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu ziliwaachia wakazi wengi kazi wasiyoizoea: kuziba paa linalovuja.

Tarehe 16 mwezi huo, kituo cha Khatm Al Shakla katika eneo la Al Ain kilipima milimita 254.8 za mvua katika muda usiotimia saa 24.

Nyumba nyingi za Ghuba zina paa tambarare la zege, kwa kuwa mvua ni haba na juu huwekwa matangi ya maji na mitambo ya viyoyozi. Waliotoka Zanzibar wanalijua paa la namna hiyo. Majumba ya kale ya Mji Mkongwe yalikuwa na sakafu ya chokaa na mawe juu ya boriti za mikoko, lakini masika yaliyashinda, na mengi baadaye yakafunikwa mabati ya mteremko.

Kosa la kwanza la mwenye nyumba ni kutazama doa lililo ndani, kisha kupanda juu na kuziba palipo mkabala nalo. Maji yakishapenya hufuata ufa au bomba la nyaya, yakajitokeza mita kadhaa kutoka yalipoingilia.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kupaka rangi dari kwa ndani. Doa hutoweka, unyevu hubaki ndani ya zege, na nondo hushika kutu. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege hupasuka na mapande yake huanguka.

Chanzo cha maji

Doa likiendelea kukua hata wakati wa kiangazi, mvua haina hatia. Huenda ni tangi, au bomba la kutolea maji ya kiyoyozi.

Likitokea baada ya mvua tu, ukaguzi huanzia kwenye mlizamu. Mchanga na mifuko ya plastiki ikiuziba, paa hugeuka bwawa: maji ya kina cha sentimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 yana uzito wa tani 10. Baada ya hapo hutazamwa pembe ambapo sakafu inakutana na ukuta wa ukingoni, na kila mahali palipotobolewa kupitisha bomba au kufunga parafujo.

Pasipoonekana kitu, paa humwagiwa maji kwa mpira, sehemu baada ya sehemu, kuanzia upande wa chini, huku mtu mwingine akiangalia ndani.

Kuziba

Ufa haujazwi saruji tupu. Jua la Ghuba hulitanua zege mchana, nalo hunywea usiku, na saruji hiyo ngumu huachana na kingo za ufa. Ufa hupanuliwa kwa patasi, husafishwa vumbi, huachwa ukauke kabisa, kisha hujazwa gundi ya ujenzi inayonyumbulika kama mpira.

Juu yake hupakwa rangi maalumu ya kuzuia maji. Ikiwa ingali mbichi hutandazwa kitambaa cha nyuzi, na ikikauka hupakwa mkono wa pili. Rangi hiyo hupandishwa ukutani kiasi cha sentimita 15, jambo ambalo mafundi wenye haraka huliacha. Anayeahidi kumaliza yote kwa asubuhi moja, afadhali atafutwe mwingine. Rangi nyeupe ina faida ya ziada, kwani hupunguza joto la chumba kilicho chini.

Maji yakidondoka kupitia taa, umeme uzimwe mara moja kwenye swichi kuu.

Na zege likianza kubanduka hata nondo zikaonekana, isipakwe rangi yoyote. Aitwe mhandisi, na chumba hicho kisilaliwe mpaka amekwisha kukikagua.