Thamani ya Karatasi Zilizokuwa Siri

Tarehe 12 Agosti 1945, siku 3 baada ya Nagasaki kupigwa bomu la atomiki, serikali ya Marekani iliwatolea wanahabari ripoti iliyoeleza namna bomu hilo lilivyotafitiwa kwa siri. Iliandikwa na mwanafizikia Henry DeWolf Smyth. Jeshi lilikuwa limechapa nakala zipatazo 1,000 tu. Septemba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Princeton kilitoa chapa yake, ikauzwa zaidi ya nakala 100,000. Chapa ya Princeton si ngumu kuipata. Inayosakwa na wakusanyaji wa nyaraka ni ile ya jeshi.

Uchache ni sababu mojawapo, lakini kuna kubwa zaidi: maandishi ya chapa hizo mbili hayalingani. Kinu cha nyuklia cha mradi wa bomu, huko Hanford, kilipowashwa mwaka 1944, kilizimika chenyewe, kwa sababu gesi ya ksenoni inayozaliwa urani inapopasuka humeza nyutroni zinazokiendesha. Chapa ya jeshi ina sentensi inayosema kwamba athari hiyo ya sumu nusura ikwamishe kinu. Princeton haikuichapa. Wasovieti walipotoa tafsiri yao mwaka 1946, sentensi ile ilikuwemo. Kumbe walikuwa wamezilinganisha chapa zote mbili neno kwa neno! Mkusanyaji makini hana budi kusoma hivyohivyo.

Nyaraka nyingine hazikukusudiwa umma kabisa. Aprili 1943, mwanafizikia Robert Serber aliwapa wanasayansi waliowasili kwenye maabara ya bomu ya Los Alamos mihadhara ya kuwafungua macho kuhusu kazi iliyowaleta. Edward Condon aliiandika, ikarudufiwa nakala 36 kwa jina la LA-1, na usiri wake ukafutwa mwaka 1965. Ukiuziwa karatasi ya aina hii, usiangalie mhuri wa siri peke yake. Tafuta pia mhuri wa kufuta usiri, namba ya nakala, na maelezo ya mikono iliyopitia tangu ilipotoka ofisini. Muuzaji asipoweza kueleza, achana nayo: huenda ni ya kughushi, au ni mali ya serikali iliyoibwa.

Bei nazo hupaa. Barua ya Albert Einstein kwa Rais Roosevelt, ya tarehe 2 Agosti 1939, iliyomtahadharisha kuhusu uwezekano wa bomu la urani, iliandikwa kwa matoleo mawili. Lililomfikia rais limehifadhiwa katika maktaba yake huko Hyde Park, New York. Lile fupi, lililobaki kwa mwanafizikia Leo Szilard, liliuzwa kwenye mnada wa Christie's mwaka 2024 kwa takriban dola milioni 3.9.

Barua iliyomfikia Roosevelt inaitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Na kweli, sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Majina ya wanafizikia yanajulikana dunia nzima. Ya wachimbaji hayatajwi. Kwa hiyo, msomaji wa Lubumbashi au Likasi, ukikuta kwenye sanduku la babu kadi ya kazi, picha au barua ya mgodini, usiichome wala usiiuze harakaharaka. Ipige picha, andika nyuma ya picha hiyo kumbukumbu yenyewe ilikuwa ya nani na ilipatikana wapi, kisha uiweke pakavu. Hiyo nayo ni hati ya historia ya bomu la atomiki.