Tumeyafuga Maua, Harufu Tumeitupa

Nyanya yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, hana mazoea ya kuficha maoni yake. Nilipompelekea chungu cha okidi nyeupe nilichokinunua Nairobi kwa bei isiyolingana na mshahara wa mwalimu, alilisogeza ua puani, akavuta pumzi mara mbili, kisha akanirudishia chungu changu. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "hili ni ua au ni karatasi?"

Sikuwa na jibu. Kwake yeye, kama kwa wanawake wengi wa rika lake waliolelewa pwani, ua hupimwa puani kabla ya kupimwa machoni. Asumini ni kijiua kidogo kisicho na rangi ya kujivunia, na kilua hakitofautiani sana na majani yanayokizunguka. Hata hivyo ndivyo vinavyofungwa kikuba pamoja na rehani. Wataalamu wa mimea nao walikubali kujifunza kwetu katika jambo hili, kwani mwaka wa 1970 mkilua ulipopewa jenasi yake, uliitwa Mkilua fragrans. Na lugha yenyewe haina mzaha: kunuka ni aibu, kunukia ni sifa, na kinachoyatenganisha mawili hayo ni irabu moja tu.

Okidi ile niliyorudishiwa ni ya jenasi ya Phalaenopsis. Jina hilo lilitolewa na Carl Blume mwaka wa 1825, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kitu kilicho mfano wa nondo, maana petali zake mbili pana hutanuka kama mbawa za mdudu huyo atulizapo usiku. Asili yake ni Asia, kutoka India hadi Ufilipino na Indonesia, na hata kaskazini mwa Australia. Siku hizi aghalabu huzalishwa kwa wingi Taiwan na Uholanzi, na ndiyo okidi ionekanayo kwenye meza za mapokezi katika hoteli na benki.

Msomaji asije akadhani kwamba okidi hizi za nondo ziliumbwa bila harufu. La hasha! Katika misitu ya Borneo imo Phalaenopsis bellina, yenye ua la kijani hafifu lililopakwa zambarau kifuani, linalonukia mfano wa ndimu iliyokutana na waridi. Jamaa yake wa rasi ya Malaya na Sumatra, Phalaenopsis violacea, ana harufu inayoelekea viungo vya pilau. Mpaka mwaka wa 1995 wataalamu waliwahesabu wawili hao kuwa kitu kimoja. Kisiwani Luzon, nchini Ufilipino, kuna Phalaenopsis schilleriana, yenye majani ya madoa ya fedha na harufu ya waridi. Wachunguzi wa Taiwan walipoichambua harufu ya bellina, walikuta geranioli, ambayo imo katika waridi, na linalooli, ambayo imo katika rehani. Nyanya angeyatambua yote mawili bila maabara.

Harufu hiyo ilipotelea wapi basi? Ilipotelea sokoni. Mwaka wa 1940 lilisajiliwa nchini Marekani chotara lililoitwa Doris, jeupe na kubwa, na damu yake imo katika nyingi za okidi nyeupe zinazouzwa leo. Tangu hapo wazalishaji wamechagua ukubwa, umbo la duara na uwezo wa kukaa miezi miwili au mitatu bila kunyauka. Ua hunukia ili limwite mchavushaji, lakini dukani mchavushaji hana pesa. Ndiyo maana hata waridi nyingi tunazozipeleka ng'ambo kutoka Naivasha hazina harufu ya kutajika. Mnunuzi huchagua kwa jicho.

Kwa hiyo mtu anayekusanya okidi zinazonukia, hata awe na tatu tu dirishani, naona anafanya kazi kubwa kuliko burudani. Anaihifadhi sifa ambayo biashara haina haja nayo. Walimu wenzangu wanaotafuta shughuli ya chama cha sayansi shuleni wasiipuuze.

Ukuzaji wake si mgumu, ila unakataa mazoea yetu ya shambani. Mmea huu haukai ardhini. Kwao hushika magome ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Ukiutia katika udongo umeuua. Utie katika vipande vya makumbi ya nazi vilivyorowekwa na kusuuzwa mpaka chumvi imetoka, pamoja na makaa kidogo, ndani ya chungu chenye matundu. Mizizi ikiwa na rangi ya fedha, ina kiu. Ikiwa ya kijani, imeshiba. Mwagia asubuhi, na maji yasituame katikati ya majani, kwani hapo ndipo uozo huanzia. Dirisha la mashariki linatosha, kwa kuwa jua la adhuhuri huchoma majani. Bellina na violacea hupenda joto na unyevu, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Malindi amepata nusu ya kazi bure, ilhali wa Nairobi hana budi kuuhifadhi mmea wake na baridi ya Julai. Tena kikonyo cha bellina kisikatwe ua lianguikapo. Hutoa ua lingine palepale, msimu hadi msimu. Anayeagiza kutoka nje akumbuke kibali cha KEPHIS.

Subira inahitajika. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na msituni haioti bila kusaidiwa na kuvu. Lewis Knudson alipoonyesha mwaka wa 1922 kwamba inaweza kuoteshwa chupani juu ya uji mgumu wenye sukari, aliondoa kisingizio cha kupora misitu. Hata hivyo kutoka chupa hadi ua la kwanza huchukua miaka kadhaa.

Naandika haya nikiwa na deni. Nilipokuwa chuo cha ualimu niling'oa okidi kubwa juu ya mti katika msitu mmoja wa pwani, nikaisafirisha bara, nikaitia katika udongo mwekundu na kuimwagia kila siku kama sukumawiki. Haikumaliza miezi miwili. Miaka mingi baadaye niliona picha yake kitabuni: Angraecum eburneum, ya nususpishi iitwayo giryamae, yaani jina la Wagiriama. Maua yake hunukia usiku, na yana kijirija kirefu cha asali kinachomngoja nondo wa kweli mwenye ulimi mrefu. Ndugu yake wa Madagaska ndiye aliyemfanya Charles Darwin atabiri mwaka wa 1862 kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kiasi hicho, na mwaka wa 1903 nondo huyo akaelezwa na wataalamu. Ile ya Asia ina sura ya nondo tu, na wanaoizuru ni nyuki. Hii yetu ndiyo yenye nondo, nami niliiozesha kwa ujinga. Wapo hadi leo wanaozing'oa hivyo na kuziuza kando ya barabara, na wapo wanaonunua.

Mwaka jana bellina yangu, iliyozaliwa chupani, ilitoa ua moja. Niliibeba hadi Mombasa, chungu nimekipakata safari nzima. Nyanya akavuta pumzi, akafumba macho, akavuta tena. Akataka kulichuma alitie kikubani. Nikamwomba aliache, kwa kuwa lilikuwa pekee. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Basi ukizaa huo mti, mtoto wake wa kwanza ni wangu."